Nyegere wangu na raundi sita za "mwongezee macho"

KalamuButu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele. Niliwahi kuahidi humu kwamba siku nikipata kazi ya kuchora mhusika mnyama nitaisimulia mwanzo mwisho, aibu zikiwemo. Kazi ilipatikana, michoro nimeshaikabidhi, na mteja amekubali niieleze ilimradi nisimtaje. Picha siweki mpaka kitabu kitoke, kwa hiyo mtanivumilia kwa maneno.

Kazi yenyewe ni nyegere. Kitabu cha watoto wanaoanza kujisomea, kurasa 24, na nyegere yumo karibu kila ukurasa. Maelekezo yalikuwa sentensi moja: awe jasiri, awe rafiki, asitishe. Nikajibu "hakuna shida" kabla hata sijamtazama nyegere vizuri.

Sasa mtazameni nyegere kwa jicho la mchoraji. Hisia za mnyama huwa tunazitoa wapi? Masikio yakisimama au yakilala, nyusi, macho, mkia. Nyegere masikio ya kuhesabika hana, ni vikingo vya ngozi tu pembeni mwa kichwa. Macho yake ni madogo, meusi, na yamekaa kwenye uso mweusi. Ukirudi nyuma hatua chache umeshayapoteza. Mkia mfupi, miguu mifupi. Kilichobaki ni lile joho jeupe linaloanzia juu ya paji la uso na kushuka mgongoni hadi mkiani. Likumbukeni hilo joho.

Raundi ya kwanza nilituma skechi nane za penseli. Nilizozipenda kweli zilikuwa tatu. Tano nilijazia tu ili nionekane nimetoka jasho. Mteja akachagua namba sita. Namba sita ilikuwa ya kujazia. Ikabidi niishi nayo.

Raundi ya pili nikatuma yenye rangi. Jibu: "Amependeza, ila bado ni mkali. Mwongezee macho yawe makubwa." Nikayaongeza.

Raundi ya tatu: "Sasa ni kama ameshtuliwa. Labda tumpe nyusi." Nikampa nyusi.

Raundi ya nne: "Sasa ameshtuka na amekasirika kwa pamoja. Vipi tukimwekea masikio kama ya paka?"

Hapo nikafunga tableti nikaenda kulala, maana ningejibu usiku ule ningejibu vibaya.

Asubuhi nilifanya kitu ambacho ilipasa nikifanye tangu raundi ya pili. Nilirudi kwenye picha ya kwanza ya rangi, ile aliyosema ni mkali, nikaanza kuziba sehemu moja moja kwa kidole. Nikaziba macho: bado mkali. Nikaziba mdomo: bado mkali. Nikaziba makucha: vilevile. Nilipoziba ukingo wa joho pale juu ya macho, ukali ukaondoka wote. Kumbe ukingo huo nilikuwa nimeuchora ukishuka kuelekea puani pande zote mbili, kama herufi V. Huyo mnyama alikuwa na nyusi zilizokunjwa tangu siku ya kwanza, tena nyeupe, juu ya uso mweusi! Kila nilipoongeza jicho chini yake, nilikuwa namfanya mtu aliyenuna atoe macho.

Nikainua ukingo katikati, ukawa upinde. Macho nikayarudisha yalivyokuwa. Nyusi nikafuta. Nikatuma raundi ya tano bila maelezo yoyote. Jibu lilikuja baada ya dakika chache: "Umeyafanyaje macho? Sasa yametulia." Macho yalikuwa yaleyale ya raundi ya pili, pikseli kwa pikseli.

Raundi ya sita ilikuwa ya rangi ya mkoba wake tu, haina hadithi.

Karibuni kwa maswali, na matusi ya kiasi.

Nukta_Tatu

Naweka kambi hapa. Hiyo ya kuziba kwa kidole naiiba.

Ila swali, mkuu. Kwa nini usingefuata njia ya kawaida ya kumfanya mnyama apendeke? Kichwa kikubwa kuliko mwili, macho makubwa yaliyokaa chini ya nusu ya uso, mashavu, viungo vifupi vinene. Hii si mitindo ya juzi, Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama, aliieleza mwaka 1943 kuhusu sura ya kitoto na jinsi inavyotufanya tuhurumie. Mteja alikuwa anakuelekeza hukohuko bila kujua.

KalamuButu

Nilipita huko, Nukta. Kati ya zile skechi nane mbili zilikuwa za namna hiyo. Tatizo ni kwamba nyegere mwenye sura ya kitoto anageuka dubu mchanga aliyejifunika shuka. Urafiki unapatikana, ujasiri unapotea, na maelekezo yalitaka vyote viwili.

Nilichokubali ni kichwa. Nyegere halisi kichwa chake ni kidogo ukilinganisha na kiwiliwili, amekaa kama gunia lenye miguu. Nilikikuza mpaka kikawa karibu theluthi ya urefu wake akisimama kwa miguu miwili. Macho nikayaacha madogo. Mhusika mwenye macho madogo unamsoma kwa mwili: shingo imeenda wapi, kifua kimetangulia au kimerudi, uzito uko mguu upi. Kwa kweli hapo ndipo nilipojifunza kuchora zaidi kuliko usoni.

FundiRangi

Dada, mimi nimekwama kwenye jambo moja. Jicho jeusi juu ya uso mweusi. Uliyatenganishaje bila kuyakuza na bila kumchorea duara jeupe kama aliyevaa miwani?

KalamuButu

Swali zuri, na lilinichukua siku mbili.

Kwanza, uso si mweusi. Nilitumia kahawia iliyokolea sana inayoelekea kwenye bluu. Nyeusi tupu niliiweka mahali pamoja tu katika picha nzima, kwenye mboni. Ukishaimwaga nyeusi kila mahali huna tena kitu cheusi zaidi cha kuweka kwenye jicho.

Pili, chini ya jicho nilipitisha ukanda mwembamba wa kijivu chenye joto, kana kwamba mwanga unaruka kutoka kwenye joho. Hauzunguki jicho. Uko chini tu, na unafifia kuelekea shavuni. Ukiuzungusha ndipo miwani inapotokea.

Tatu, nukta ya mng'ao ndani ya mboni, moja, upande uleule kwa picha zote za mchana.

Halafu mtihani: geuza picha nzima iwe ya kijivu, ipunguze mpaka iwe na ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Ukiona jicho bado lipo, endelea. Likipotea, rangi zilikuwa zinakudanganya. Watu wengi hutazama kama rangi zinapatana, wakasahau kupima giza na mwanga.

BabuWaWino

Mwanangu, umenikumbusha kifaru wa mchoraji Albrecht Dürer. Mwaka 1515 kifaru aliletwa Lisbon kutoka India, ikawa gumzo. Dürer alikuwa Ujerumani, hakumwona. Alichokuwa nacho ni maelezo ya barua na skechi ya mtu mwingine. Akachora, ubao ukachongwa, picha ikachapwa. Kifaru akatoka amevaa deraya kama askari, na juu ya mabega ana kipembe cha ziada ambacho hakuna kifaru aliyewahi kuwa nacho. Na kwa miaka mingi watu Ulaya waliamini ndivyo kifaru alivyo.

Wewe mteja wako amekuletea maneno kama yale ya kwenye barua. "Mkali." "Macho." Neno moja linaweza kukuchoresha pembe ya ziada.

KalamuButu

Babu, shikamoo. Masikio ya paka yalikuwa ndiyo kipembe changu.

MtafitiPorini

Mimi si mchoraji, wanyama ndiyo kazi yangu, na huwa naumia kuona vitabu vya watoto. Naomba niulize: makucha ulimwachia? Nyegere makucha yake ya mbele ni marefu mno kuliko ya nyuma, ndiyo jembe lake. Anachimba mashimo, anabomoa mizinga, anafukua panya. Na ngozi yake ni nene na imelegea, ukimshika shingoni anaweza kujipinda ndani ya ngozi yake akakuuma. Ukoo wake ni mmoja na fisi maji na kicheche, watu humdhania ndugu wa dubu au fisi.

KalamuButu

Makucha yalileta ugomvi mdogo. Mteja alitaka yaondoke kwa sababu ya "asitishe". Nilimwambia ukimtoa nyegere makucha unabaki na kicheche mnene, na mtoto aliyewahi kumwona kwenye picha atajua. Sikumshawishi kwa maneno. Nilimchorea pozi mbili za mnyama yuleyule mwenye makucha yaleyale. Moja ameyaelekeza kwa msomaji. Nyingine ameyaelekeza chini, anachimba, udongo unaruka, ulimi umetoka pembeni kwa bidii. Ya pili akaicheka. Makucha yakabaki, tulichokubaliana ni kwamba hayamwelekei msomaji popote kitabuni.

Hiyo ya ngozi kulegea asante, niliitumia bila kujua sababu yake. Akigeuza kichwa kuna mikunjo miwili shingoni, inampa uzito.

MtafitiPorini

Safi. Na msimwekee yule ndege wa asali anamwongoza njiani kama kila kitabu. Ndege huyo kuongoza watu kwenye mizinga ni jambo lenye ushahidi mzuri. Kumwongoza nyegere bado kunabishaniwa.

KalamuButu

Ndege yumo. Nimechelewa kukusoma, mkuu. Nitajitetea kwamba ndani ya hadithi ndege anamfuata nyegere, yeye ndiye anayeongozwa.

HakuliMchoro

Nimesoma uzi wote nikisubiri sehemu ya pesa. Raundi sita! Mkataba ulisema ngapi? Au ndiyo zile kazi za "nisaidie halafu tutaongea"?

KalamuButu

Mkataba ulikuwepo, nusu ya malipo nilipokea kabla ya kushika penseli, na marekebisho yaliyomo yalikuwa raundi tatu. Kuanzia ya nne ilikuwa nitoze.

Sikutoza. Najua mtanirukia. Sababu ni hii: raundi ya tatu na ya nne nilizizaa mwenyewe. Aliposema "mkali, mwongezee macho", alikuwa ameniambia mambo mawili. La kwanza ni maumivu yake, la pili ni dawa aliyoikisia. Maumivu yalikuwa ya kweli kabisa, mnyama alikuwa mkali. Dawa ilikuwa ya kubahatisha kwa sababu yeye si mchoraji. Mimi ndiye niliyelipwa kujua tofauti, nikachukua dawa yake nikaimeza bila kuuliza. Sasa nimtoze kwa hilo?

HakuliMchoro

Umejipunja. Yeye ndiye aliyeagiza macho, tena kwa maandishi. Ukimuagiza fundi apake ukuta kijani kisha usiupende, unalipa kijani na unalipa rangi ya pili. Wateja wakizoea kwamba kubahatisha ni bure, watabahatisha mpaka asubuhi. Leo umemfundisha huyo, kesho anakuja kwangu.

Nukta_Tatu

Namuunga mkono Hakuli kwa asilimia kubwa. Ila na mimi huwa natofautisha: nikikosea mimi narekebisha bure, akibadili mawazo analipa. Ugumu ni pale ambapo hakuna anayejua ni ipi kati ya hizo, kama hapa.

MhaririMmoja

Naomba kuingia, maana mimi niko upande wa pili wa meza. Naagiza michoro, sichori hata mstari ulionyooka.

Mnachokiita "kubahatisha" kwetu ni heshima. Mtu akikwambia tu "sijampenda" mnasema hana maana, hajui anachotaka. Kwa hiyo tunajitahidi kuleta suluhisho ili tusionekane walalamishi. "Mwongezee macho" ilikuwa njia ya kusema "kuna kitu usoni, samahani sina jina lake". Na jambo jingine wachoraji hulisahau: barua pepe moja mnayoipata imetokana na watu wanne. Mmoja amesema mkali, mwingine amesema mzito, wa tatu anataka masikio kwa sababu mtoto wake anapenda paka. Mimi nazichanganya nakutumia. Ukiniuliza vizuri nitakwambia lipi la nani na lipi lina uzito.

KalamuButu

Mhariri, karibu sana, na laiti ungekuja mapema. Masikio ya paka yalikuwa ya mtu wa tatu hasahasa! Niliambiwa mwishoni kabisa.

Na kuhusu kuuliza vizuri. Zamani nilikuwa nauliza "ungependa nibadilishe nini?" Swali hilo linamkabidhi mteja penseli. Sasa hivi nauliza: "Ukimtazama huyu, unadhani anataka kufanya nini?" Kwa nyegere wa raundi ya pili nilirudi nikamuuliza baada ya kila kitu kuisha, akaniambia, "Anataka kunifukuza." Ningelipata jibu hilo mapema nisingegusa macho. Mtu anayefukuza humwona kwenye paji la uso na mabega.

Swali la pili ninalouliza: "Ni ukurasa gani unamwona hivyo, au ni kote?" Maana kuna mrejesho unaohusu mhusika na kuna mrejesho unaohusu pozi moja. Nimewahi kumjenga upya mhusika mzima kwa sababu mteja hakupenda mkono mmoja kwenye picha moja.

Hakuli, sijakukataa. Kazi inayofuata naandika kwenye mkataba kwamba raundi inahesabiwa tukishaongea kwanza, kwa simu au uso kwa uso. Mrejesho wa kuandikwa peke yake hauanzishi saa.

HakuliMchoro

Hiyo ya mwisho naikubali. Lakini bado ulijipunja.

FundiRangi

Tuelezee karatasi ya mhusika, ile inayomwonyesha kutoka kila upande. Uliichora lini, kabla au baada ya kukubaliwa?

KalamuButu

Baada ya raundi ya tano, na hapo nilifanya sawa kwa bahati. Ungeichora mapema ungekuwa unafuta pande nne badala ya upande mmoja.

Niliweka mbele, ubavu, nyuma na robo tatu, zote zimekaa kwenye mistari ileile ya urefu: ncha ya pua, ukingo wa joho, kwapa, goti. Halafu sura sita. Hapo ndipo lile joho lilipogeuka kuwa rafiki, kwa sababu likishakuwa nyusi unaweza kulichezesha. Katikati likiinuka ana furaha au ana huruma. Likinyooka amekaza nia. Likishuka upande mmoja tu ana shaka, na hiyo ndiyo sura ambayo mteja aliipenda kuliko zote. Lile V nimelitumia mara moja tu kitabuni, ukurasa anapomkabili nyoka, na pale linafanya kazi kwa sababu hujaliona kwingine.

Kabla hamjauliza: nyoka mwenyewe nilianza kumchora wa buluu. Kwenye skrini alikuwa anawaka. Nilipogeuza faili kwenda CMYK, yaani rangi nne za wino wa kuchapia, akafifia kama nguo iliyofuliwa mara mia, ikabidi nimsogeze kwenye kijani. Mengine ni yale ya kawaida: nukta 300 kwa inchi, ziada ya ukataji milimita 3 kila upande, na uso wa mtu usiuweke kwenye mshono wa kurasa mbili. Nilimweka nyegere hapo ukurasa wa 8 na 9, kitabu cha majaribio kilipofungwa pua ikamezwa.

BabuWaWino

Na umbo lake ukilijaza wino mtupu, anajulikana?

KalamuButu

Babu, hapo nilipata tabu. Ukimjaza wino joho linapotea, na bila joho nyegere ni mkate. Ndiyo asili ya mkoba: ukimning'iniza begani unavunja ule mviringo, unajua mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Pia makucha yanasaidia. Mteja alidhani mkoba ni wa hadithi, mwandishi akaupenda akauandikia sentensi mbili. Lakini ulizaliwa kwenye umbo jeusi.

Nukta_Tatu

Mkoba bega moja? Jiandae.

KalamuButu

Nukta, wewe ni mchawi. Nimerudi baada ya siku tatu kuwapa taarifa. Leo nimeletewa PDF ya mwisho niikague. Ukurasa wa 14 nyegere anatembea kuelekea kulia, na mkoba umehamia bega jingine. Mpangaji wa kurasa alitaka atazame upande wa maandishi, akaigeuza picha kama kwenye kioo. Mkoba ukageuka, ule mng'ao wa jicho ukageuka, na pengo la jino moja, ambalo liko kushoto kitabu kizima, likaenda kulia.

MhaririMmoja

Hilo ni letu. Huwa tunafanya na hatuoni. Mtoto ndiye anayeona.

FundiRangi

Umechora upya?

KalamuButu

Mwili nimeuacha umegeuzwa, hauna tatizo. Mkoba, jino na mng'ao nimevichora upya kwa upande sahihi, kazi ya saa moja na nusu kwa sababu mkoba ulikuwa kwenye leya yake, yaani tabaka lake peke yake ndani ya faili. Jino halikuwa, nikalifuta kwa mkono. Kwenye karatasi ya mhusika nimeongeza mstari mmoja chini, kwa herufi kubwa: MKOBA BEGA LA KUSHOTO LAKE, PENGO KUSHOTO KWAKE, USIGEUZE. Neno "lake" nimelipigia mstari, maana mara ya kwanza mpangaji aliniuliza kushoto kwa nani.

Faili limeondoka jioni hii.